Baada ya Kitambulisho

Oktoba 2016 Wamakonde wa Kwale walishika njia kwa miguu kwenda Nairobi. Wengi wao walizaliwa Kenya, na si wachache ambao wazazi wao pia walizaliwa hapa. Babu zao waliletwa kutoka kaskazini mwa Msumbiji enzi za Mwingereza, wakakata mkonge na miwa. Wengine walifuata baadaye wakikimbia vita. Walipofika Ikulu, Rais Uhuru Kenyatta aliamuru wapewe vitambulisho kabla ya mwaka kwisha. Februari 2017 wakaanza kuvipokea, wakatangazwa kuwa kabila la 43. Wamashona, ambao wazee wao walikuja kuhubiri Injili miaka michache kabla ya uhuru, wakitoka nchi iitwayo leo Zimbabwe, walipata vyeti vyao vya uraia 2021. Wapemba wa Kwale na Kilifi, ambao ni maelfu, wakangoja hadi Julai 2023.

Yote hayo yametendeka chini ya Katiba ya 2010. Wakenya waliipigia kura baada ya umwagaji damu wa uchaguzi wa 2007 kuwaonyesha nchi inafikia wapi kabila likifanywa kipimo cha haki. Katiba hiyo ilipunguza madaraka ya Nairobi, ikaunda kaunti 47, na tangu 2013 zahanati na hospitali nyingi za umma zimekuwa mikononi mwa magavana. Kwa hivyo jamii ndogo zimepata mabadiliko mawili yanayokaribiana: serikali imesogea karibu na mlango wao, na majina yao yameingia katika daftari la taifa.

Ninachotaka kijadiliwe ni hiki: aliyetambuliwa amepata afya? Nimewaketisha pamoja watu saba. Sikuwapa majina kwa kuwa nimewatunga, lakini sheria, hukumu na matukio wanayoyataja si ya kutunga. Nami nina upande wangu, nitauonyesha mjadala ukifika mahali pake.

Afisa wa mipango wa kaunti ya Kwale: Naomba nianze na jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia. Dawa hazigawiwi kwa huruma. Kila zahanati ina eneo lake, na chanjo, vyandarua na dawa za malaria huagizwa kwa idadi ya watu wa eneo hilo. Asiyekuwemo kwenye hesabu akija, anatumia fungu la aliyemo, na robo mwaka haijaisha rafu zi tupu. Ndiyo maana nasema kitambulisho kimewasaidia Wamakonde na Wapemba kuliko majengo mapya ambayo tungewajengea. Sasa serikali inawajua.

Muuguzi wa zahanati: Bwana Afisa, sensa humhesabu hata asiye na kitambulisho. Mwaka 2019 makarani walipita nyumba kwa nyumba, na Wamakonde wakaandikwa kama watu wengine, chini ya 4,000 nchi nzima. Idadi ilikuwepo, na ilikuwa juu ya meza zenu. Na mtoto mwenye degedege hafiki kwangu na hesabu mkononi. Anafika mgongoni mwa mama yake, na kazi yangu ni kumshusha joto.

Afisa: Kwa dawa ipi, sista?

Muuguzi: Kwa iliyopo. Ikiisha napiga simu kwako, na wewe hupokei.

Mama wa Kimakonde: Nyinyi mnagombania dawa, mimi hata kwenye dawa sikufika. Mimba yangu ya kwanza nilikwenda kliniki nikaulizwa kitambulisho, sina. Nikaulizwa cha mume wangu, naye hana. Hakuna aliyenifukuza, lazima niseme kweli; nilirudi nyumbani mwenyewe kwa aibu. Mimba ya pili niliazima kitambulisho cha jirani yangu, Mdigo, mwanamke mwema, Mungu amlipe. Nikawa naitwa kwa jina lake mpaka siku ya kujifungua. Damu yangu ilipimwa kwa jina lake. Presha yangu iliandikwa kwa jina lake. Na mtoto alipozaliwa, karatasi ikasema mama yake ni yule.

Muuguzi: Mama, hilo ni la hatari kuliko linavyosikika. Jirani yako naye akija kujifungua, faili linanieleza mimba asiyoibeba na presha asiyokuwa nayo. Mmekuwa wagonjwa wawili katika karatasi moja. Na lipo jambo jingine ambalo watu wa ofisini hawalioni. Mtoto akizaliwa zahanati, sisi ndio tunaoandika arifa ya kuzaliwa. Akizaliwa nyumbani, anategemea naibu wa chifu. Bila arifa hakuna cheti cha kuzaliwa, na bila cheti kijana akifikisha miaka 18 ataombaje kitambulisho? Basi mama asiye na kitambulisho anaiogopa zahanati, na kwa kuiogopa anamzaa mtoto atakayekosa kitambulisho, ambaye naye kesho atakuwa mama. Kalamu ya kwanza ya uraia wa mtu iko mkononi mwa mkunga. Nimefanya kazi hii miaka mingi na sijawahi kuitwa kwenye mkutano wowote wa masuala ya uraia.

Wakili: Ruhusuni niseme kama Mnubi wa Kibera. Wazee wetu waliletwa kutoka Sudan wakiwa askari wa Mwingereza, na tumekuwa tukiulizwa tunatoka wapi kwa zaidi ya karne. Machi 2011, kamati ya wataalamu ya Umoja wa Afrika inayosimamia haki na ustawi wa mtoto iliamua kwamba Kenya imewakosea watoto wa Kinubi. Watu wanaikumbuka sehemu ya uraia peke yake. Kamati ilikwenda mbali zaidi: ilisema haki yao ya afya na ya elimu pia imekiukwa, kwa kuwa makazi yao yaliachwa na huduma chache kuliko za jamii nyingine. Kwa kamati hiyo, kumnyima mtoto uraia na kumnyima zahanati lilikuwa kosa moja lenye sura mbili.

Lakini hapa ndipo ninapoachana na Bwana Afisa. Yeye anasema tuwape watu kitambulisho kwanza, kisha afya ifuate. Katiba haisemi hivyo. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, na kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Kila mtu. Walioiandika walijua kutenga: haki ya kupata habari za serikali, Kifungu cha 35, wameipa kila raia. Haki za kisiasa, Kifungu cha 38, kila raia. Walipofika kwenye afya, maji na chakula waliuacha uraia nje. Zahanati inayodai kitambulisho kabla ya kumpima mama mjamzito inavunja katiba, hata kama inafuata waraka.

Mvuvi mwenye asili ya Pemba: Mwanangu, maneno yako yamenyooka, na mimi ni mzee, sitaki kuyapinda. Ila nina swali. Hicho Kifungu cha 43 kilikuwepo tangu 2010. Mimi nilikuwepo Shimoni tangu kabla hujazaliwa. Mbona hatukukutana?

Nikuambie nilivyoishi. Leseni ya uvuvi sikuwa nayo, kwa sababu leseni inataka kitambulisho. Basi nikavua kwa jina la mwenye chombo, naye alinipa alichopenda. Laini ya simu haikusajiliwa kwa jina langu, kwa hivyo hata M-Pesa nilipokelewa na mwingine. Nikiona askari nilificha uso. Siku niliyochomwa na samaki taa sikwenda hospitali kwa kuogopa maswali, na mguu huu mpaka leo haukunjiki vizuri. Sasa nina kitambulisho. Nauza samaki kwa jina langu, pesa inaingia kwangu, na mjukuu akishikwa na homa nalipa dawa usiku huohuo. Mimi sikupewa afya na zahanati, nilipewa na bahari, na bahari nilifunguliwa na ile kadi. Usiidharau.

Wakili: Siidharau, mzee wangu. Ninasema ulistahili kutibiwa mguu huo bila kadi.

Mvuvi: Nilistahili, ndiyo. Na ukapona kwa kustahili?

Huyu mzee amesema jambo ambalo watetezi wa haki hulipita haraka. Tukisema afya tunafikiria kitanda cha hospitali na chupa ya dawa. Yeye anatukumbusha kwamba mtu mwenye kipato chake, asiyeficha uso, ameshaepuka nusu ya maradhi kabla hajafika kwa muuguzi. Hata hivyo ana jambo la kuongeza, na jambo hilo linaipunguza nguvu hoja yake mwenyewe.

Mvuvi: Sikumaliza. Walikuja kutusajili kwenye bima mpya hii ya afya, SHA, iliyoanza Oktoba 2024. Zamani nilikuwa sina kitambulisho, sikuweza kusajiliwa kwenye bima ya zamani, NHIF. Nikasema leo nimo. Nikaulizwa nyumba yangu imeezekwa kwa nini, choo changu ni cha namna gani, kisha nikaambiwa kima changu. Kiasi cha chini kabisa kilikuwa shilingi 300 kwa mwezi, lakini sisi tusio na mshahara tulitakiwa tutoe ya mwaka mzima kwa mkupuo. Kusi ikivuma sisi hatutoki. Ngalawa zinalala ufukweni, na tunachokula ni deni. Hiyo 3,600 nitaitoa wapi siku moja?

Afisa: Hapo, mzee, kaunti haina kauli. Bima ni ya serikali ya kitaifa.

Muuguzi: Na dawa ni ya kaunti, na kitambulisho ni cha kitaifa, na mimi mshahara wangu ni wa kaunti. Mgonjwa akifika dirishani hamjui hata mmoja wenu. Ananijua mimi.

Mama: Nami nina neno juu ya hizo serikali mbili. Tulipopewa vitambulisho, Februari 2017, tulicheza ngoma usiku kucha. Wakati ule madaktari wa hospitali za umma walikuwa kwenye mgomo tangu Desemba, wakarudi Machi. Juni wakagoma wauguzi, mpaka Novemba. Mwaka wangu wa kwanza wa kuwa Mkenya, nikiwa na kadi yangu mwenyewe, yenye jina langu mwenyewe, nilikuta mlango umefungwa kwa wote. Dada yangu alizalia nyumbani mwaka ule, vilevile kama alivyokuwa amezalia kabla.

Muuguzi: Niligoma, mama. Sitaficha. Tulikuwa tumefikia makubaliano na hayakutekelezwa. Najua waliokaa nje ya lango ni watu kama nyinyi, kwa sababu mwenye pesa alikwenda hospitali ya kulipia. Najua pia kwamba tusingegoma, leo zahanati yetu isingekuwa na wauguzi.

Mama: Sikulaumu. Nasema tu kwamba tumeingia nyumbani siku ambayo nyumba haikuwa na mtu.

Mzee wa Kiogiek: Nimesikiliza muda mrefu. Sasa niulize, kwa sababu kwetu, katika msitu wa Mau, kitambulisho hatukukosa. Sisi ni Wakenya tangu kabla Kenya haijaitwa hivyo. Sensa ya 2019 ilituhesabu zaidi ya 52,000. Kadi ninayo, kura napiga. Mbona basi tunafukuzwa?

Tulikwenda Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Mei 2017 mahakama ikasema serikali imetukosea: ardhi, utamaduni, dini, maendeleo, kutobaguliwa. Juni 2022 ikaamuru tulipwe shilingi milioni 57.85 kwa hasara ya mali na milioni 100 kwa mateso ya nafsi, na tupewe hati ya pamoja ya ardhi yetu. Novemba 2023 walikuja askari wa misitu, wakabomoa nyumba za kijiji chetu cha Sasimwani, kule Narok. Mvua ilikuwa inanyesha. Sasa mnaposema afya baada ya mabadiliko, niambieni, mtoto aliyelala nje kwenye baridi ya Mau anahitaji kadi ya pili?

Afisa: Mzee, pole sana. Lakini tukiweka ardhi, misitu na mahakama ndani ya neno afya, hatutajua pa kuanzia. Idara ya afya haiwezi kutoa hati ya ardhi.

Wakili: Na mimi, kwa uchungu, niseme jambo ambalo halinipendezi. Katika hukumu ileile ya 2017 mahakama ilikataa dai moja la Waogiek. Walidai kwamba kufukuzwa kumekiuka haki yao ya kuishi. Mahakama ikajibu kwamba haki hiyo inalinda uhai wa mwili, na kwamba haikuonyeshwa uhusiano wa moja kwa moja kati ya kufukuzwa na kupotea kwa uhai. Kwa hivyo Bwana Afisa ana majaji upande wake, angalau kwa hilo.

Mzee wa Kiogiek: Uhusiano wa moja kwa moja! Mizinga yangu ilikuwa kwenye miti ile. Asali ilikuwa chakula, ilikuwa dawa ya kifua, na ilikuwa ada ya shule. Mti wa dawa ya tumbo naujua ulipo, na ulipo sasa siruhusiwi kukanyaga. Zahanati tuliyoizoea iko upande wa pili wa mpaka waliouweka. Mtoto akishikwa na kifua usiku, mama anapiga hesabu ya njia, anangoja kuche. Akifia njiani, nani atasema amekufa kwa kufukuzwa?

Muuguzi: Hakuna. Nitakuambia hasa kitakachoandikwa. Rejista ina safu ya jina, umri, kijiji, ugonjwa na matibabu. Nitaandika nimonia. Mwisho wa mwezi nimonia hiyo itajumlishwa na nyingine zote za kaunti ndogo, na kule juu itakuwa nambari. Mahakama inadai uthibitisho, na karatasi ambayo ingeubeba uthibitisho huo haina mahali pa kuuandika. Ndiyo maana mimi kwa muda mrefu nimetaka rejista ziwe na safu ya jamii. Tuandike huyu ni Mwogiek, huyu Mmakonde, huyu Mpemba. Tukijua mama wangapi wa Kimakonde wanafariki wakijifungua, hakuna gavana atakayesema hakujua.

Wakili: Sista, tafadhali, usiombe hilo. Kwetu kabila kwenye karatasi ndilo lililotutesa. Kijana wa Kinubi, au Msomali wa mpakani, akiomba kitambulisho alipelekwa mbele ya kamati kuhojiwa: babu yako nani, lugha yenu ipi, lete shahidi. Kwa watu wa kaskazini mashariki amri ya kuiondoa kamati hiyo ilitiwa saini na Rais Ruto Februari 2025. Juzi tu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 imeweka kabila na hali ya afya katika fungu moja la taarifa nyeti, na ilikuwa na sababu. Leo unaliandika kabila kwenye faili ili umsaidie mgonjwa. Kesho faili limeingizwa kwenye mfumo, na keshokutwa ukizuka uchaguzi kama ule wa 2007, nani anashika ufunguo wa mfumo huo?

Muuguzi: Na nisipoandika, wanaendelea kufa ndani ya wastani wa kaunti. Wastani wa Kwale ukipanda, mnapongezana. Kijiji kimoja kikibaki nyuma, hakionekani.

Wakili: Naijua gharama hiyo. Bado nasema usiandike.

Kijana wa Kiaweer: Mnagombania rejista. Kwetu rejista iliondoka pamoja na zahanati. Sisi ni Waaweer wa msitu wa Boni, kule Lamu; wengi mnatuita Waboni. Marufuku ya uwindaji ya 1977 iliwafanya babu zetu wahalifu ndani ya msitu wao. Baadaye wakaja al-Shabaab, na tangu Septemba 2015 operesheni ya jeshi ya Linda Boni. Zahanati za Basuba, Milimani na Mangai zilifungwa kwa hofu ya mashambulizi. Kwa miaka, kliniki kwetu ilikuwa ni siku ambayo Safari Doctors, wale wa kujitolea alioanza nao Umra Omar, wamepata njia ya kutufikia, kwa boti au gari au ndege. Mimba haingoji siku hiyo.

Na juu ya kuandika kabila nakuunga mkono, Wakili. Kwenye kizuizi cha barabarani nikitaja jina la kijiji changu tu natazamwa mara mbili. Sihitaji hospitali nayo inipe alama.

Niingie hapa, maana nimeahidi kuonyesha upande wangu.

Ninaamini kitambulisho hakina kazi mlangoni pa zahanati. Kiwe cha kupigia kura, cha kufungulia akaunti, cha kuombea leseni ya bahari. Mama mjamzito aulizwe jina lake la kweli na mwezi wa mimba, basi. Siku tulipomfundisha mama yule kuazima jina, tulimnyang'anya kitu ambacho hakuna rais atakayekirudisha kwa hafla: historia ya mwili wake mwenyewe. Na naona uzito katika jambo ambalo Mzee wa Mau amelileta bila kulitaja, kwamba kutambuliwa kwa hisani ya mkuu hakufanani na kutambuliwa kwa haki. Wamakonde walipata kwa kutembea mpaka Ikulu. Waogiek walipata kwa hukumu ya mahakama. Walichopata Wamakonde kilitekelezwa katika miezi michache, maana aliyetoa neno ndiye aliyekuwa na mamlaka. Cha Waogiek kilikuwa kizito zaidi kisheria, na nyumba zikabomolewa juu yake. Nchi iliyobadilika kweli ingekuwa kinyume.

Kuhusu rejista, nasimama na Wakili, lakini sikubali tuishie hapo, kwa kuwa Muuguzi naye hajakosea. Jamii hizi hazikutawanyika bila mpangilio. Wamakonde wa Kwale wana vijiji vyao vinavyojulikana. Waaweer wana vijiji vichache, vingi vikiwa kandokando ya barabara moja ya msituni. Rejista tayari ina safu ya kijiji. Mtu akiacha kujumlisha takwimu kwa kaunti na akazisoma kwa kijiji, ataona anachotafuta, na hatakuwa amemwandikia mtu kabila kwenye faili.

Afisa: Hilo linazungumzika. Katiba, Kifungu cha 204, imeweka Hazina ya Usawazishaji, nusu asilimia ya mapato ya taifa kila mwaka, kwa maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyosahauliwa. Mara ya kwanza zilichaguliwa kaunti 14 nzimanzima: Kwale, Kilifi, Lamu na Narok zote zilikuwemo. Na nikiri, Kwale ilipotajwa, kila diwani alivuta kwake, na kijiji kisicho na diwani hakikuvuta. Sera iliyofuata ilishuka chini ya kaunti kwenda maeneo madogo zaidi.

Mama: Kwa hivyo hata nyinyi mlijua kwamba kaunti inaficha watu.

Afisa: Tulijua.

Mama: Basi nieleze hili. Mwaka 2023 walichaguliwa wahudumu wa afya ya jamii, wale waliopewa mikoba ya dawa, mizani na simu, wapite nyumba kwa nyumba. Mmoja kwa kaya 100 hivi. Kwetu walichaguliwa barazani, kwa kuinua mikono. Sisi wachache, wao wengi. Aliyechaguliwa ni kijana mzuri, sina ugomvi naye, ila hajui kwamba wanawake wakubwa wa kwetu hawasemi ugonjwa wa ndani mbele ya mvulana asiye wao. Anakuja, anauliza wote wazima, anajibiwa wote wazima, anaandika, anakwenda. Na kamati ya zahanati ni vivyo hivyo. Demokrasia imefika mpaka kijijini, na imefika ikiwa na mikono mingi kuliko yetu.

Afisa: Mama, nikitenga kiti kwa kila jamii ndogo, kesho watakuja ishirini, kila mmoja na lake.

Wakili: Kifungu cha 56, herufi e. Serikali iweke mipango maalumu ya kuhakikisha jamii za wachache zinafikiwa na maji, huduma za afya na miundombinu. Katiba haikuwaomba mridhie. Na kifungu hichohicho kinataka washiriki katika uongozi.

Muuguzi: Hata viti havihitajiki, Bwana Afisa, tukitumia akili. Kitengo cha mhudumu mmoja ni kaya 100 hivi. Kijiji cha Wamakonde nikijuacho kinakaribia hapo. Nyinyi mlikikata katikati, nusu mkaiweka na mtaa wa barabarani, nusu na wa kule mashambani, ndipo wakawa wachache pande zote mbili. Chora mpaka wa kitengo ukizunguke kijiji. Watamchagua wao, kwa mikono hiyohiyo.

Afisa: Mipaka ya vitengo... hiyo iko chini ya idara yetu. Haihitaji bunge la kaunti.

Mvuvi: Na Mayungu? Na Vanga? Wapemba tuko vilevile.

Afisa: Vanga ni kwetu Kwale, naweza kuanza. Mayungu waulizwe wenzetu wa Kilifi.

Kijana wa Kiaweer: Kwetu vijiji vipo, mhudumu anaweza kutoka kwetu wenyewe, tena anaijua njia. Ila akikuta mgonjwa mahututi ampeleke wapi? Mpaka mtakaouchora lazima uwe na zahanati iliyo wazi ndani yake, na muuguzi aliyekubali kulala huko, na ulinzi wa kumfanya akubali.

Mzee wa Kiogiek: Mmezungumza vizuri, wanangu, na nawaombea mfanikiwe. Mpango wenu unaanzia kwenye kijiji. Mtazunguka kijiji, mtasoma rejista kwa kijiji, mtachagua mhudumu wa kijiji. Sasimwani ilikuwa kijiji, mpaka Novemba 2023. Watu wake leo wako kwa ndugu, wako kandokando ya barabara, wako kwenye mashamba ya watu. Bwana Afisa, ninyi na wenzenu wa Narok, kitengo chetu mtakichora wapi?